Taa Iliyomchagua Salome

Mwezi uliopita nilipanda basi Mbeya asubuhi nikateremka Iringa mchana, kwa sababu Upendo alikuwa amehitimu chuo na mama yake, Salome, alinipigia simu kunionya kwamba nisipotokea kwenye sherehe nisimwite tena rafiki. Salome hana utani na mambo ya sherehe. Nilimkuta uani, Mlandege, kwenye nyumba ileile ya wazazi wake, amefunga kilemba cha kitenge na kushika mwiko mkubwa kana kwamba wapishi aliowaita ni wapita njia. Tulikumbatiana mpaka pilau ikaanza kunukia kuungua. Baadaye Upendo alisimama kushukuru, akasema kwamba mama yake alifanya kazi ya uuguzi Kilolo miaka yote ile, lakini yeye hakumbuki hata siku moja ya utoto wake ambayo mama hakurudi nyumbani kumlaza. Watu wakapiga vigelegele. Mimi na Salome tukatazamana juu ya vichwa vya wageni, tukaanza kucheka, na kicheko kikatuishia machozini, maana waliojua ilivyobaki kidogo isiwe hivyo wamekwisha kupumzika, tumebaki sisi wawili. Mtoto yule nusura alelewe na bibi yake huku mama yake akipanga chumba Kilolo, na chanzo kingekuwa taa ya rangi ya chungwa, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kwenye dashibodi ya gari.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tano. Nilitoka Mbeya na cheti changu cha ufundi wa magari, nikapata kazi kwenye gereji ya Fundi Mgaya hapo Mlandege. Fundi Mgaya aliimba besi kwenye kwaya ya usharika pamoja na Mzee Kalinga, baba yake Salome, na hivyo ndivyo nilivyopata pa kulala: wazee wawili walielewana katikati ya mazoezi ya kwaya, mimi nikaletwa na begi langu. Chumba nilichopewa kilipakana na jiko upande mmoja na sebule upande wa pili, na kuta zake hazikufika juu. Aliyeijenga nyumba aliziishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu akaacha uwazi mpaka kwenye kenchi, ili joto la jikoni lizunguke vyumba vyote. Baridi ya Iringa mwezi wa sita inakunja vidole, kwa hiyo sikulalamika. Pamoja na joto niliingiziwa harufu ya kande zinazochemka, sauti ya redio ya mzee, na kila neno lililosemwa ndani ya nyumba. Nilijua nani kachumbiwa usharikani na nani kanuniana na mwinjilisti. Nilijua pia, kabla Salome mwenyewe hajaniambia, kwamba baba yake anataka kumnyang'anya gari.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la Kijapani, la gia za mkono. Mzee Kalinga alilinunua alipostaafu udereva wa misheni, na alilipenda kwa namna ambayo mke wake aliilalamikia wazi wazi mbele ya wageni. Siku za kazi alimwachia Salome aende nalo Kilolo zahanati, kwa kuwa gari la abiria la kwanza lilikuwa linafika kule zamu imeshaanza, na la mwisho lilikuwa linaondoka zamu haijaisha. Salome alikuwa anamlea Upendo peke yake, na Upendo alikuwa na miaka miwili. Mwishoni mwa wiki na siku za mapumziko gari lilirudi mikononi mwa mzee. Mpango huu ulikwenda vizuri miezi kadhaa, mpaka taa ya injini ilipoanza kuwaka, na ikawa inawaka kwa mtu mmoja tu.

Jioni moja nilikuwa chumbani napaka mafuta mikono, maana sabuni ya gereji inapasua ngozi, nikamsikia mzee sebuleni.

"Mama Salome, mimi nimeendesha gari tangu lini?"

"Tangu sijaolewa."

"Umeshasikia nimeua injini ya mtu?"

"Bado."

"Sasa huyu binti yako akishika siku mbili tu, taa inawaka. Mgaya anaizima. Akiwa mapumziko mimi naendesha wiki nzima, kimya. Akishika yeye, inawaka tena. Hapo shida ni gari au ni mtu?"

"Leo amekuwa binti yangu," alisema Mama Salome. "Juzi mchungaji alipomsifu alikuwa wako."

Mzee hakucheka. "Ikiwaka tena, funguo zinakaa mfukoni mwangu. Aende akapange hukohuko Kilolo, atakuwa anakuja Jumapili. Mtoto tutakaa naye sisi."

"Mtoto ana miaka miwili, Baba Salome."

"Kwani tumelea wangapi?"

Salome alikuwa jikoni wakati huo, na kuta zile hazikumficha mtu kitu. Kesho yake alikuja chumbani kwangu na Upendo mgongoni, akakaa kitandani bila kukaribishwa. Macho yalikuwa yamemvimba. "Atu," aliniambia, "mimi naendesha kama nilivyofundishwa shule ya udereva. Sikanyagi klachi hovyo, sivuti gia kwa nguvu, mlima napanda taratibu. Wewe ndiye fundi humu ndani. Niambie nakosea wapi, nijirekebishe, kwa sababu huyu siwezi kumwacha." Nilimwahidi nitatafuta. Nilikuwa na umri ule ambao mtu huahidi kwanza halafu ndipo anajiuliza.

Gereji tulikuwa na mashine ya kupimia, fahari ya Fundi Mgaya, aliyokuwa akiiviringisha kwenye kipande cha kitenge kama mtoto mchanga. Ukiichomeka chini ya usukani, inazungumza na kompyuta ya gari na kukuambia gari linalalamikia nini. Kila mara ilitoa jibu lilelile: sensa ya oksijeni ya nyuma inachelewa kuitika. Kwa asiyejua, gari la aina ile lina sensa mbili za kunusa moshi. Ya kwanza imekaa mbele, karibu na injini, na ndiyo inayoiambia kompyuta iongeze au ipunguze petroli. Halafu moshi unapita kwenye masega, lile kopo la kwenye ekzosi lenye vitundu kama sega la nyuki, linalousafisha. Ya pili imekaa nyuma ya masega. "Hiyo ya nyuma ni shahidi tu," Fundi Mgaya alipenda kusema. "Haipiki, haipakui. Inaangalia kama chakula kimeiva." Alishabadilisha plagi, akabadilisha sensa ya mbele kwa kuwa ndiyo iliyopatikana mjini, na alikuwa ameanza kuyatazama masega kwa jicho la kuyatoboa, kama walivyofanya mafundi wengi wa zamani wakiona taa hawaielewi. Sensa ya nyuma ilibidi iagizwe, na Mzee Kalinga aligoma. Kwa nini abadilishe kitu ambacho kwake hakina shida hata kidogo?

Na hapo, lazima niseme, mzee alikuwa na hoja. Fundi Mgaya mwenyewe alikuna kidevu akasema, "Sensa haina macho, Atupele. Haijui nani kashika usukani." Kama ni mbovu, ingekuwa mbovu kwa wote wawili. Nilikwenda na swali hilo kazini, nikarudi nalo, nikalila na ugali. Nilichunguza waya na soketi yake, vyote vizima. Tuliziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa, injini ikiwa inaunguruma, tukasikiliza kama kuna mahali bomba linavuja na kuingiza hewa ya nje, hakuna. Nikimwangalia Salome akilisha mtoto uji kijiko kimoja kimoja, huku akipiga hesabu kichwani za chumba cha kupanga, roho ilikuwa inaniuma kweli. Leo nina gereji yangu Mbeya na vijana wanaoniita bosi, lakini sidhani kama kuna gari lingine nililolitafuta ugonjwa wake kwa uchungu kama lile.

Safari ya Mbalizi ndiyo iliyonifumbua macho. Mzee Kalinga alialikwa harusi ya mtoto wa dereva mwenzake wa misheni, akaamua kwenda na gari, na Salome kwa kuwa alikuwa likizo, na mimi kwa kuwa kwetu ni njia hiyo. Mama Salome alibaki na Upendo. Niliomba nikae mbele na mashine niliyoazima kwa Fundi Mgaya mapajani, nikamwambia mzee kwamba nataka kuisikiliza injini safari ndefu. "Isikilize tu," alisema kwa furaha. "Utasikia inavyoimba ikishikwa na mwenyewe."

Na kweli iliimba. Sijawahi kupanda gari na dereva laini kuliko yule mzee. Alikuwa anasoma barabara kabla haijafika, kona alikuwa anaiingia kama anayemgeuza mtoto aliyelala. Tulipita Mafinga kwenye ukungu wa miti ya mbao, Makambako tukanywa chai, tukateremka kwenye joto la Chimala na kupanda tena kuelekea Uyole, na muda wote mzee akinisimulia miaka ya foleni za petroli, alipokuwa anatumwa na misheni kupeleka dawa mabondeni wakati pipa la petroli halina kitu. Alijifunza kuifanya petroli ya kwenda iwe ya kwenda na kurudi. "Tulikuwa tunateremka milima kwa mkono wa Mungu," alisema. Mimi nilikuwa nasikiliza nusu, nusu natazama mashine. Kuna ukurasa unaoonyesha mitihani ambayo kompyuta inajifanyia yenyewe gari likiwa njiani. Yote ilikuwa imekamilika isipokuwa mmoja. Sensa ya nyuma: bado. Mafinga bado, Makambako bado, Uyole bado. Nilidhani mashine imeganda.

Tulivuka jiji la Mbeya tukaanza mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi. Ni mteremko mrefu, malori yanaushuka yakilia. Mzee aliachia pedeli ya mafuta, na mkono wake wa kushoto, bila yeye hata kuutazama, ukaenda kwenye gia na kuitoa, kama ulivyokuwa umefanya milima yote ya nyuma mimi nikiwa nimekodolea mashine. Nyutro. Injini ikanyamaza mpaka sauti ya chini kabisa, na gari likaserereka lenyewe, upepo ukivuma madirishani, mguu wake ukigusa breki mara moja moja. "Umeona?" aliniambia. "Hapa petroli hatuli." Salome alikuwa amesinzia kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa macho kuliko nilivyowahi kuwa maishani mwangu.

Nitaeleza kama nilivyoelewa pale pale, kabla ya daraja la Mbalizi. Mtihani wa sensa ya nyuma unahitaji kitu kimoja: gari literemke likiwa kwenye gia na mguu umeachia mafuta. Hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta, ikiona hivyo, inafunga petroli kabisa. Ekzosi inajaa hewa tupu. Masega yanainywa hewa hiyo kwanza, kwa hiyo kuchelewa kidogo ni haki, lakini ikishafika kwenye sensa, namba yake inatakiwa iporomoke mara moja. Ikishuka kwa kujivuta, sensa imechoka, na kompyuta ikiona hivyo katika safari mbili zinazofuatana inawasha taa. Lakini ukitia nyutro, injini haizungushwi na magurudumu. Inabidi ijiendeshe yenyewe, na ili isizime inaendelea kunywa petroli. Kompyuta haifungi kitu, hewa haiji, mtihani haufanyiki. Mzee Kalinga alikuwa anatia nyutro kila mteremko, hata wa kwenda sokoni. Sensa ilikuwa mbovu mikononi mwa wote wawili, ila kwa mzee haikuwahi kuulizwa swali. Salome aliyefundishwa kuteremka na gia alikuwa anaiuliza kila asubuhi, mteremko wa kutoka mjini kwenda Ipogolo, na jioni akilipia jibu lake.

Ningesemaje? Mimi ni mpangaji, mtoto wa watu, nimwambie baba wa nyumba mbele ya binti yake kwamba kitu anachojivunia kuliko vyote ndicho kilichomponza mtoto wake, na tena kwamba tangu alinunue gari hili, kila alipodhani anaokoa petroli mteremkoni alikuwa anaimwaga? Mambo ya namna hiyo Mbeya hatuyasemi hivyo, na Iringa ndiyo kabisa. Nilikula wali wa harusi bila kuusikia ladha. Niliwaza kwamba nitamwambia Fundi Mgaya, yeye atajua pa kuanzia. Sikujua kwamba barabara haitanisubiri.

Siku ya kurudi mgongo ulimkamata mzee. Makambako aliteremka amejishika kiuno, akampa Salome usukani kwa kinyongo. Salome aliendesha kwa adabu, mikono yote miwili, kila mteremko kwenye gia. Mafinga tulizima gari tukala, tukawasha tena, na mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo, kwa kuwa hiyo ilikuwa safari ya pili. Tulipokuwa tunashuka baada ya Ifunda, taa ikawaka.

"Simamisha," alisema mzee.

Salome alisogea pembeni. Baba yake alinyoosha kiganja. Salome alizima gari, akachomoa ufunguo, akauweka kwenye kile kiganja, kisha wakabadilishana viti katikati ya upepo wa malori. Nilifungua mdomo nikasema, "Baba, naomba niseme kitu," naye akanijibu kwa upole ulioniumiza zaidi ya ukali, "Pumzika, mwanangu. Hili ni la nyumbani." Jumatatu Fundi Mgaya aliifuta taa kama kawaida yake, na Salome, likizo ikiwa inakaribia kuisha, alipanda gari la abiria kwenda Kilolo kutafuta chumba. Upendo alilia getini mpaka akatapika.

Jioni ile nilimfuata Mama Salome jikoni. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mashavu yamemshuka. Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba najua ugonjwa wa gari, lakini siwezi kumwambia mzee. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, akatazama juu kwenye uwazi wa ukuta ambako sauti ya redio ilikuwa inapita kutoka sebuleni, na uso wake ukabadilika. Akanivuta sikio mpaka karibu na mdomo wake. "Yeye usimwambie," alininong'oneza. "Niambie mimi. Hapa hapa. Kwa sauti." Kisha akasogeza kigoda chake mpaka ukutani, akaanza kwa sauti ya kwaya:

"Hebu nieleweshe, Atu, mimi mwanamke wa shamba! Hiyo taa kwa nini inampenda Salome?"

Nikaeleza kwa sauti. Nilipofika kwenye nyutro, redio ikapunguzwa.

"Lakini nyutro si inaokoa mafuta? Mume wangu ameokoa mafuta ya misheni miaka mingi, na wale wazungu walimpa saa ya ukutani!"

"Yale magari ya zamani yalikuwa mengine, mama. Zamani baba alikuwa sahihi kabisa. Hili lina kompyuta. Ukiwa kwenye gia unateremka bure, petroli imefungwa. Ukitia nyutro ndiyo linakunywa."

Redio ikazimwa kabisa. Huko sebuleni mtu alikohoa.

"Kwa hiyo Salome hajaharibu kitu?"

"Hajaharibu, mama. Anaendesha kama gari linavyotaka. Kibovu ni sensa, na ingekuwa inawaka hata kwa baba kama angeteremka na gia safari mbili."

"Safari mbili!" alirudia Mama Salome, kama mtu anayesoma tangazo kanisani. "Haya, mwanangu, hayo makubwa, mimi sitaweza kumwambia. Funika kombe mwanaharamu apite." Akaendelea kuchambua maharage, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa kicheko alichokizuia. Mezani mzee alikula, akaomba chumvi, akauliza kama Upendo ameacha kulia. Nimekaa na watu wengi tangu wakati ule, na bado sijamwona aliyemjua mume wake kama Mama Salome alivyomjua yule.

Kesho yake baada ya chai mzee alisema anakwenda Ipogolo kumwona mtu. Hakusema ni nani. Alirudi mapema mno kwa mtu aliyekwenda kutembea. Alasiri akasema amesahau kitu kwa huyo mtu. Nilikuwa nimeomba ruhusa na kuazima tena mashine siku ile, nimekaa barazani na Upendo mapajani, nikaliona gari likiingia getini polepole. Lilisimama uani na injini ikaendelea kuunguruma. Mzee hakuteremka. Alikaa mikono yote miwili juu ya usukani akitazama dashibodi, na mimi nilijua anachokitazama, na furaha yangu ikachanganyika na huruma mpaka sikujua niende au nikae. Mwisho akateremsha kioo.

"Atupele. Hebu njoo na mashine yako."

Nikaenda. Taa ilikuwa inawaka, ya chungwa, tulivu. Nikaketi kiti cha pembeni, na mzee akaniuliza bila kunitazama, "Inasemaje?"

"Sensa ya nyuma inachelewa, baba."

"Nataka kuiona kwa macho yangu."

Tukashuka pamoja kwenda Ipogolo, yeye usukanini, kwenye gia ya tatu, mguu juu. Nilimwekea mashine mahali anapoweza kuona kwa kutupa jicho. Namba ya sensa ilitulia juu, kisha ikaanza kushuka, hatua, na hatua nyingine, ikisimama kupumzika kama bibi anayeteremka ngazi za kanisa. Tulikuwa tumeshafika nusu ya mteremko haijafika chini. Mzee aliisoma yote. Alirudia mteremko ule tena na tena kuliko ilivyohitajika, na kila mara namba ilifanya vilevile. Tulipopumzika karibu na mto alisema, "Kwa hiyo nilimpokonya mwanangu funguo barabarani kwa ajili ya kitu hiki." Niliona kidevu chake kinacheza, nikageuza uso nikawatazama watu wanaofua.

Sensa mpya ililetwa na basi kutoka Mbeya. Fundi Mgaya alifungua ya zamani kwa taabu, kutu imeing'ang'ania, na kichwa chake kilikuwa na vumbi jeupe. Alikisugua kwa kidole akasema ni moshi wa gundi ya silikoni, mtu aliwahi kupaka nyingi kwenye gasketi na injini ikaivuta. Tulifunga mpya tukarudi mteremkoni na mzee yuleyule usukanini. Aliachia mafuta, namba ikakaa kidogo, halafu ikaanguka moja kwa moja mpaka chini. Mzee Kalinga alicheka kicheko ambacho sikukijua, cha kijana. "Lo! Kumbe hivi ndivyo inavyotakiwa," alisema, akaomba turudie, na tukarudia.

Salome alikuwa ameshapata chumba. Alikuwa amekunja godoro na kulifunga kamba, limeegemezwa ukutani sebuleni, na Jumapili ile tulikula chakula cha mchana kando ya godoro lile kama kando ya mgonjwa. Mzee alimaliza kula, akanawa, akautoa ufunguo mfukoni na kuuweka karibu na sahani ya binti yake. "Hilo godoro lirudi kitandani," alisema. "Gari ni la kwako. Mimi nikiwa na safari nitaomba lifti." Salome alimtazama mama yake, akanitazama mimi, hakuamini. Kisha akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya saruji, akamshukuru baba yake, na mzee akamwinua haraka akisema chai imepoa, wakati hapakuwa na chai mezani. Upendo, asiyejua kitu, aliuchukua ufunguo akaanza kuutafuna.

Kesho yake alfajiri niliomba lifti mpaka Ipogolo, kulikuwa na gari la mteja limekwama huko. Nilikuta mzee ameshakaa mbele, upande wa abiria, amevaa koti lake la misheni. Alisema anakwenda Kilolo kuangalia mahindi. Mama Salome alisimama mlangoni amembeba Upendo aliyelala bado, shavu limelala begani kwa bibi yake. Tukaondoka. Mji ulikuwa na ukungu, na mwanzo wa mteremko Salome akaachia mafuta, gari kwenye gia. Nikiwa kiti cha nyuma niliuona mkono wa kulia wa mzee ukiinuka wenyewe kutoka pajani, ukielekea kwenye gia. Salome naye aliuona, akakaza macho barabarani. Mzee akautazama mkono wake, akaurudisha, akauweka chini ya paja na kuukalia. Aliukalia mteremko wote mpaka tulipovuka daraja.

"Nenda hivyo hivyo, mama," akasema. "Na jioni usichelewe. Mtoto atakuwa anakusubiri."